Binti yangu chini ya taa za bluu: tiba ya mwanga inamfanyia nini mtoto njiti

Tangu nirudi nyumbani na binti yangu, wanawake wenzangu wa hapa Rungwe waliojifungua kabla ya siku zao wamekuwa wakinijia na swali lilelile: taa zile za bluu zinamfanyia nini mtoto? Hawaniulizi sana juu ya manjano yenyewe ambayo taa hizo huyatibu, maana wameyaona kwa wengi na mara nyingi yaliondoka bila tiba. Wanachokiogopa ni kichanga cha kilo moja na nusu kuvuliwa nguo katika baridi ya Mbeya, kufungwa macho, na kulazwa peke yake chini ya mwanga ambao hata mtu mzima hawezi kuutazama sana. Hofu hiyo naifahamu. Ninayoandika hapa ni yale niliyoyaona kwa mtoto wangu, niliyoelezwa na waliomhudumia, na niliyoyasoma baadaye kwa utulivu, kwa sababu mimi ni mwalimu wa baiolojia na jambo nisilolielewa huninyima usingizi.

Binti yangu alizaliwa mwezi Juni, mimba ikiwa na wiki 32, akiwa na uzito wa kilo 1.6. Hospitali tuliyoanzia ilitupa rufaa ya kwenda Mbeya mjini, naye akasafiri akiwa amefungwa kifuani kwangu ngozi kwa ngozi, chini ya blanketi, gari likikata ukungu wa Isongole kuelekea Uyole. Siku ya tatu ya maisha yake, sista wa zamu alimbonyeza ncha ya pua kwa kidole, akaachia, akaangalia rangi inayobaki kabla damu haijarudi. Kisha akambonyeza kifuani, akamfunua mdomo kutazama fizi, na mwisho akamwangalia weupe wa macho. Kwa ngozi nyeusi kama zetu hiyo ndiyo njia ya kuyaona manjano mapema, kwa kuwa mtu akisubiri uso mzima ubadilike rangi atakuwa amechelewa. Hata hivyo sista alisema wazi kwamba jicho haliamui kitu. Alimtoboa mtoto kisigino, damu ikapelekwa maabara, na kiwango cha bilirubini, yaani kile kitu cha damuni kinacholeta manjano, kiliporudi ndipo daktari akaagiza mwanga.

Chanzo cha manjano kwa watoto wachanga si siri. Mtoto akiwa tumboni huwa na chembe nyekundu nyingi za damu, na chembe hizo huishi muda mfupi kuliko za mtu mzima. Zinapovunjika hutoa bilirubini, kitu cha rangi ya manjano ambacho ini hulazimika kukibadilisha ili kiyeyuke katika maji na kutoka kwa njia ya nyongo. Ini la mtoto aliyetimiza miezi yake huchukua siku kadhaa kuizoea kazi hiyo, na la mtoto njiti huchukua muda mrefu zaidi. Isitoshe, mtoto njiti hunyonya kidogo, matumbo yake hufanya kazi polepole, na choo kinapochelewa kutoka, sehemu ya bilirubini iliyokwisha kufika utumboni hurudi tena katika damu. Ndiyo maana manjano huonekana kwa watoto wapatao 6 katika kila 10 waliotimiza miezi, na kwa njiti hufikia 8 katika kila 10.

Nilimuuliza daktari kwa nini wasingoje, ikiwa jambo lenyewe ni la kawaida kiasi hicho. Jibu lake ndilo lililonituliza. Bilirubini iliyozidi inaweza kupenya hadi kwenye ubongo na kuharibu sehemu zinazoongoza mwendo wa viungo na usikivu, na madhara hayo hayarudi nyuma. Mtoto anayenusurika huweza kubaki na mtindio wa ubongo, uziwi, na shida ya kuinua macho kutazama juu. Ubongo wa njiti una kinga hafifu zaidi, na damu yake ina protini kidogo ya kuishikilia bilirubini isizurure, kwa hiyo kiwango ambacho kwa mtoto mkubwa ni cha kuangaliwa tu, kwa njiti ni cha kutibiwa. Katika mwongozo wa kitaifa wa Uingereza kuna hesabu nyepesi kwa waliozaliwa kabla ya wiki 38: ukishapita muda wa saa 72 tangu kuzaliwa, chukua wiki za mimba, zidisha kwa 10, toa 100, nawe unapata kiwango cha kuanzia mwanga kwa maikromoli katika lita moja ya damu. Mtoto wa wiki 32 huanza kwa 220. Usipotoa ile 100 unapata 320, ambacho ni kiwango cha kufikiria kumbadilishia damu. Mtoto aliyetimiza wiki 38 au zaidi, akifikisha siku nne, huanzishiwa mwanga kwa 350. Mtu akiziona namba hizo pamoja hahitaji kuambiwa kwa nini mtoto wa jirani aliachwa wakati wa kwake amewekwa chini ya taa.

Binti yangu alivuliwa kila kitu isipokuwa kipande cha kanga kuukuu kilichokunjwa kuwa nepi ndogo kabisa, akafungwa macho kwa kitambaa laini, na taa zikawashwa. Kitambaa kile ndicho kilichonisumbua kuliko mengine yote. Kinawekwa ili mwanga usidhuru sehemu ya nyuma ya jicho, na ni sharti kiwe kinene na kimekaa vizuri. Lakini kichwa cha mtoto wa kilo 1.6 ni kidogo mno, naye hujisugua, hivyo kitambaa huteleza kikaacha jicho moja wazi, au hushuka kikaziba pua, jambo ambalo kwa mtoto anayepumua kwa shida ni hatari iliyo karibu zaidi kuliko ule mwanga. Wauguzi walikuwa wachache na watoto wengi. Sista akatufundisha sisi akina mama kuangalia kitambaa kila tupitapo, na kukifungua kila wakati wa kulisha ili macho yasafishwe na mtoto atuone.

Ni wakati wa kulisha, baada ya kama siku moja chini ya mwanga, nilipofungua kitambaa nikaona jambo lililonishangaza. Mashavu na kifua vilikuwa vimepoteza umanjano, lakini pale kitambaa kilipokuwa kimefunika palibaki mkanda wa manjano uliokolea, umekatika kwa mstari ulionyooka, na chini ya nepi ilikuwa vivyo hivyo. Nilifurahi, nikamwita sista aje kuona kwamba mtoto amepona. Akacheka kwa upole, akasema, “Mama, hapo taa imesafisha ngozi tu. Damu bado hatujaiuliza.” Kweli, mtoto akishawekwa chini ya mwanga rangi ya ngozi haiaminiki tena, na manjano yaliyomo ndani yanaweza kuwa juu huku mashavu yamepauka. Kisigino kikatobolewa tena.

Baadaye nilipata kusoma kwamba tiba yenyewe iligunduliwa kwa mstari wa namna hiyohiyo. Katika hospitali ya Rochford, huko Essex nchini Uingereza, mwaka 1956, muuguzi aliyesimamia chumba cha watoto njiti, Sista Ward, alikuwa na desturi ya kuwatoa watoto nje bustanini siku za jua. Siku moja aliwaonyesha madaktari mtoto aliyepauka mwili mzima, isipokuwa pembetatu moja ya ngozi iliyokuwa manjano tele, mahali palipokuwa pamefunikwa na ncha ya shuka. Kisha sampuli ya damu ya mtoto mwingine, iliyosahauliwa dirishani juani, ikapimwa na kukutwa bilirubini imepungua mno. Daktari Richard Cremer na wenzake wakatengeneza taa, wakachapisha matokeo yao katika jarida la Lancet mwaka 1958, na miaka kumi baadaye Jerold Lucey wa Marekani akayathibitisha kwa utafiti uliofanywa kwa watoto njiti. Mwanga unaofanya kazi hasa ni wa bluu, wenye urefu wa mawimbi wa nanomita 460 hadi 490. Hupenya ngozi na kuigeuza bilirubini umbo, ikawa ya namna inayoyeyuka katika maji, ikatoka kwa nyongo na mkojo bila kulisubiri ini. Si mionzi ile ya jua inayounguza ngozi, ingawa wengi hapa kwetu wanadhani ni hiyo.

Habari ya jua ilinipa kazi kubwa kuliko ya taa. Mama mkwe wangu, aliyekuja kutoka Tukuyu na ndizi za kupika zinazotosha wodi nzima, alisimama mlangoni akasema, “Mwanangu, mtoto mwoteshe jua la asubuhi, mimi wote niliwatibu hivyo.” Kwa mila za Kinyakyusa baba mkwe wangu hawezi kukaa nami uso kwa uso, hivyo naye alileta maswali yake kupitia kwake, na yote yalikuwa ya jua. Sikuwa na sababu ya kumbishia mama, kwa kuwa jua kweli lina mwanga wa bluu, na Sista Ward alianza nalo. Ila watoto aliowatibu mama walikuwa wametimiza miezi, wana nyama mwilini, na jua lake lilikuwa la Oktoba. Njiti hana mafuta chini ya ngozi, na ukimvua nguo nje asubuhi ya Juni atapoteza joto kwa haraka kuliko atakavyopoteza manjano. Ukimwacha amevaa, mwanga haumfikii. Ukimweka juani mchana, ngozi yake nyembamba itaungua, wala hakuna anayeweza kupima amepata kiasi gani. Nchini Nigeria ulifanyika utafiti, ukachapishwa mwaka 2015, ambao watoto waliwekwa chini ya vibanda vyenye karatasi maalumu za kuchuja mionzi mibaya ya jua, na vibanda hivyo vikatibu vizuri karibu sawa na taa. Lakini hao hawakuwa njiti wadogo, na walipimwa joto muda wote. Mama alinisikiliza, akauliza kama taa za hospitali zinampasha mtoto joto au zinampoza. Swali hilo lilikuwa zuri kuliko yote niliyokuwa nimeyauliza mimi.

Jibu ni kwamba inategemea taa. Zile za mirija ya zamani hutoa joto, na mtoto aliye ndani ya inkubeta, kile kisanduku cha kumtunzia joto, anaweza kupanda joto hadi akaonekana ana homa. Taa mpya za LED hazina joto la kutosha, hivyo mtoto aliyevuliwa nguo anaweza kupoa, na kwa njiti kupoa huleta kupungua kwa sukari na kupumua vibaya. Kwa binti yangu ilianza kuwa joto. Kipimajoto cha kwapani kilikuwa kikikaa juu ya 37.5 mchana, na usiku baridi ya Mbeya ilipoingia chumbani kikashuka chini ya 36.5. Wauguzi wakawa wanarekebisha inkubeta asubuhi na jioni badala ya kuiacha palepale, na daftari la joto likawa linaandikwa mara nyingi zaidi kuliko la watoto wengine.

Jambo la pili lilikuwa maji. Ngozi ya njiti huachia maji hata bila taa, na chini ya taa huachia zaidi. Uzito wake ulishuka zaidi ya walivyotarajia na vipande vya kanga vikaanza kukaa vikavu kwa muda mrefu, mkojo ukiwa wa rangi nzito. Daktari aliongeza kiasi cha maziwa kilichopitishwa kwenye mrija wa puani. Mimi nikaongeza kukamua, usiku na mchana, hata pale maziwa yalipotoka matone tu yanayofunika sehemu ya chini ya kikombe. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba maziwa ni nusu ya tiba. Mwanga huibadilisha bilirubini, lakini pasipo maziwa haitoki, kwa maana ni kwa choo na mkojo inapopata njia. Wapo wanaowapa watoto maji matupu au ya glukosi wakidhani yanasafisha manjano. Hayasafishi, nayo humshibisha mtoto akakosa nafasi ya maziwa.

Choo nacho kilibadilika, kikawa chepesi, cha kijani kilichokoza, mara nyingi kwa siku. Mama mmoja wa kitanda cha jirani aliona vile akataka taa izimwe, akiamini mtoto wake ameanza kuhara. Ni athari ya kawaida ya tiba na hukoma taa zikizimwa, ila inapaswa kuhesabiwa katika maji yanayopotea, na makalio yasafishwe mara moja kwa sababu ngozi ile huchubuka upesi. Binti yangu alitoka pia vipele vidogo mgongoni vilivyoondoka vyenyewe, na ngozi yake ikawa nyeusi zaidi kuliko alivyozaliwa, jambo lililowapa shangazi zake maneno kwa muda. Athari nyingine, ambayo hatukuipata, ni ngozi kugeuka rangi ya kijivu iliyochanganyika na kahawia. Hiyo hutokea kwa watoto ambao ini lao linashindwa kutoa bilirubini iliyokwisha kubadilishwa, ndiyo maana manjano yanayodumu yakiambatana na choo cheupe ni ya kufikishwa kwa daktari bila kuchelewa.

Kilichoniuma mimi hakimo katika vipimo. Kabla ya taa nilikuwa nikimbeba kwa mtindo wa kangaruu, kifuani ngozi kwa ngozi, karibu mchana kutwa, naye alikuwa amezoea mapigo ya moyo wangu kiasi kwamba akilazwa peke yake alikunja uso. Chini ya taa alikuwa mzito wa usingizi, alinyonya kidole kwa uvivu, na kwa muda nilihisi kama nimemkabidhi kwa mashine. Niliuliza kama ni lazima awe pale kila dakika. Daktari alisema kwa kiwango alichokuwa nacho taa zinaweza kuzimwa kwa hadi nusu saa wakati wa kulisha, na katika nusu saa hiyo mtoto afunguliwe macho na abebwe kifuani. Kama bilirubini ingekuwa inapanda kwa kasi, au imekaribia kiwango cha kubadilisha damu, ruhusa hiyo isingekuwepo.

Niliona pia kwamba taa ikiwaka haina maana kwamba inatibu. Mwanga huu hufanya kazi kwa kipimo kama dawa nyingine, na kipimo chake hutegemea umbali, ukubwa wa ngozi iliyo wazi na afya ya taa zenyewe. Anayeota moto wa mkaa hatua tatu kutoka kwenye jiko hana la kulilaumu jiko. Usiku mmoja umeme ulikatika, na jenereta ilipowaka taa iliyorudishwa juu ya binti yangu ilikuwa imeinuliwa mno. Kiwango cha asubuhi hakikuwa kimeshuka hata kidogo. Daktari aliishusha ikarudi kwenye umbali wake, akaagiza shuka nyeupe zitundikwe pembeni ili zirudishe mwanga kwa mtoto, bila kumfunika kiasi cha kumficha asionekane. Mirija ya zamani, alisema, huchoka kabla jicho halijagundua, hivyo hospitali inatakiwa kuhesabu saa zake za kuwaka na kupima nguvu yake kwa kifaa.

Kiwango kiliposhuka chini ya mstari wake, yaani kile kiwango cha kuanzia mwanga, kwa nafasi ya kutosha, taa zilizimwa, nami nikaanza kufunga virago. Wakanizuia. Kwa njiti bilirubini huweza kupanda tena baada ya mwanga kuondolewa, na hivyo akapimwa tena siku iliyofuata. Ilikuwa imepanda kidogo, bila kufikia mstari. Tulikaa hadi ikathibitika kwamba inashuka yenyewe.

Kuhusu athari za mbali, nimesoma kwa makini kwa sababu ndizo watu hunong'ona. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2008 katika jarida la New England Journal of Medicine ulifuatilia watoto 1,974 waliozaliwa na uzito usiozidi gramu 1,000. Baadhi walianzishiwa mwanga mapema na kwa nguvu, wengine wakasubiriwa hadi viwango vya juu zaidi. Walioanzishiwa mapema walipata ulemavu wa ukuaji wa ubongo kwa asilimia 26, na wale wengine asilimia 30. Lakini miongoni mwa wadogo kabisa, wa gramu 501 hadi 750, vifo vilikuwa asilimia 39 dhidi ya 34, tofauti ambayo haikutosha kuthibitisha kwamba mwanga ndio uliosababisha, ila ilitosha kuwafanya madaktari wawe waangalifu. Ngozi ya mtoto wa kiasi hicho ni nyembamba mno na mwanga humwingia kwa kina. Kwa mtoto wa ukubwa wa binti yangu jambo hilo halinipi hofu, bali linanieleza kwa nini taa haziwashwi kabla ya haja wala haziachwi ziwake baada ya haja kwisha.

Binti yangu alipimwa usikivu alipokuwa na miezi michache, kwa kuwa manjano makali na kuzaliwa njiti vyote hutajwa miongoni mwa sababu za kupima, naye alisikia vizuri. Macho yalipimwa pia kwa sababu ya unjiti wake, si kwa sababu ya taa. Sasa anakimbia na watoto wa jirani kwenye migomba.

Hivi karibuni mama mmoja wa Kiwira, ambaye mtoto wake alizaliwa wiki ya 30, alinipigia simu akiuliza kama anaweza kukataa taa. Nilimwambia aulize mambo matatu kabla ya kukataa: kiwango cha mtoto ni ngapi, mstari wa wiki zake ni upi, na atapimwa tena saa ngapi. Akapiga tena jioni. Mtoto alikuwa na 214, mstari wake ni 200, na kipimo kingine kingechukuliwa usiku uleule. Alikuwa amekwisha kukubali, na wakati huo alikuwa akitafuta mtu wa kumletea vipande vya kanga safi.